Adimu kwa Nani? Kirukanjia wa Kilimanjaro na Uzito wa Ushahidi

Mlima Kilimanjaro una mamalia mmoja tu asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Si mbega wa msituni, wala si pofu wa uwanda wa Shira. Ni kirukanjia: mnyama wa gramu chache, mwenye manyoya ya kahawia iliyokoza, pua ndefu isiyotulia, macho madogo sana na masikio yaliyozama ndani ya manyoya. Wanasayansi humwita Myosorex zinki, jina alilopewa mwaka 1956. Kwa miongo mingi baada ya hapo vitabu vilikuwa na machache ya kusema juu yake, na machache hayo yakawa yanarudiwa kutoka kitabu hadi kitabu: anajulikana kwa sampuli chache, zilizotoka kwenye ukanda wa vichaka na nyasi ulioko juu ya msitu, kwa hiyo ni mnyama adimu wa sehemu za juu. Sura hii inalihoji hilo "kwa hiyo". Ninachodai ni kwamba kumbukumbu za mahali na wakati mnyama mdogo alipoonekana ni, kwanza kabisa, kumbukumbu za binadamu: njia walizopita, msimu waliosafiri, na aina ya mtego waliobeba. Kabla hatujazipima kwa kipimo hicho hatuna haki ya kumwita mnyama adimu, na wala hatuna haki ya kusema kuwa yuko tele. Tunaloweza kusema kwa uhakika ni kwamba ameandikwa mara chache, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Inafaa kuanza na mnyama mwenyewe, kwa sababu maumbile yake ndiyo yanayompoteza machoni petu. Watu wengi humhesabu kirukanjia kuwa panya mdogo, lakini hawa wawili hawana undugu wa karibu. Panya ni mgugunaji. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, naye hula mbegu, nafaka na karibu chochote kilichoachwa jikoni. Kirukanjia ana meno madogo yenye ncha kali, na chakula chake ni wadudu, nyungunyungu, majongoo na viumbe wengine wa chini ya majani makavu. Mwili wake huunguza chakula kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba saa chache bila kula zinaweza kumuua. Kwa hiyo hutafuta riziki usiku na mchana, karibu wakati wote akiwa chini ya kitu: majani yaliyooza, mizizi, magogo, kuvu ya mlimani. Sasa mtazame mtafiti anayekuja na mitego ya kawaida ya panya. Chambo kinachotumika sana katika milima ya Tanzania ni vipande vya nazi iliyokaangwa na kupakwa siagi ya karanga. Panya akisikia harufu hiyo huja mbio; kirukanjia, anayetaka nyungunyungu, ana sababu gani ya kugeuza kichwa? Asubuhi mtafiti atakusanya panya wengi na virukanjia wachache au asipate hata mmoja, kisha ataandika kwenye daftari kwamba msitu ule una panya wengi na virukanjia wachache. Hakuna uongo katika sentensi hiyo, ila inachoeleza hasa ni nguvu ya nazi na karanga.

Chombo kinachomfaa kirukanjia hakina chambo kabisa. Ni ndoo ya plastiki ya lita 15, ile ile inayouzwa sokoni. Katika uchunguzi wa milima ya Tanzania ulioongozwa kwa miaka mingi na William Stanley wa Field Museum ya Chicago, ndoo 11 huzikwa kwa mstari mmoja, kila moja mita tano kutoka kwa mwenzake, mdomo wa ndoo ukiwa sawasawa na uso wa ardhi. Juu ya mstari huo, ikikatiza katikati ya kila ndoo, husimamishwa karatasi ya nailoni yenye kimo cha nusu mita, ikishikiliwa na vijiti, na upindo wake wa chini ukafunikwa kwa udongo na majani. Chini ya kila ndoo hutobolewa vitundu vidogo ili maji ya mvua yasijae. Kirukanjia akitembea gizani hukutana na ukuta wa nailoni, hashindani nao. Huufuata kwa pua akitafuta mwisho wake, na kabla hajaufikia hutumbukia ndooni. Panya wengi huruka na kwenda zao, lakini kirukanjia si mrukaji. Ukuta huu wa mita 50 haumwiti mnyama wala haumfukuzi, bali husubiri tu apite. Ndiyo maana kile kinachookotwa ndooni kinatuambia zaidi juu ya nyendo za mnyama, na kidogo kuliko kawaida juu ya tamaa yake ya chambo.

Ndoo hizo zilipopandishwa Kilimanjaro, picha ya mnyama wetu ilibadilika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 na watafiti wanne: Stanley, Mary Anne Rogers, na Watanzania wawili, Philip Kihaule na Maiko Munissi. Walitega mteremko wa kusini-mashariki katika vituo vitano, kimoja kila baada ya mita 500 za kimo: 2,000, 2,500, 3,000, 3,500 na 4,000. Kila kituo kilikuwa na mitego ya panya na mistari ya ndoo pamoja. Walipata spishi 16, yaani sita za virukanjia na 10 za wagugunaji, na kituo chenye aina nyingi zaidi kilikuwa cha mita 3,000, katikati ya mteremko uliochunguzwa. Hawakupata spishi yoyote ambayo haikuwa imeandikwa Kilimanjaro hapo kabla. Lakini Myosorex zinki, aliyedhaniwa kuwa mkazi adimu wa vichaka vya juu, alikutwa katika vituo vinne kati ya vitano. Alikosekana katika kituo cha chini kabisa tu. Kwa mtawanyiko, alikuwa miongoni mwa wanyama wadogo walioenea zaidi katika mteremko mzima. Mnyama aliyeonekana kuwa na kibanda kimoja juu ya msitu kumbe ana makazi yanayoshuka hadi ndani ya msitu wenyewe, katika vimo vile vile ambavyo wapanda mlima hulala: kambi ya Mandara iko takribani mita 2,700, na Horombo takribani mita 3,700.

Msomaji makini atauliza hapa: tunajuaje kwamba mnyama alikuwa msituni siku zote? Huenda alikuwa wa juu kweli, kisha katika miongo ya karibuni akashuka. Swali ni la haki, lakini ushahidi unaegemea upande mwingine. Hali ya hewa ikizidi joto, mnyama wa baridi husukumwa kupanda, si kushuka. Isitoshe, ndugu zake wa karibu wanajulikana katika milima mingine ya Tanzania: Myosorex geata wa Uluguru, aliyepewa jina mwaka 1927, na Myosorex kihaulei wa Udzungwa, aliyepewa jina mwaka 2000 kwa heshima ya huyo huyo Philip Kihaule. Hao ni wakazi wa misitu yenye unyevu. Mnyama wa jamaa hiyo kukutwa msituni si ajabu. Ajabu ingekuwa kumkosa. Maelezo yanayosimama vizuri zaidi ni rahisi: ukanda wa juu ni wazi, njia za wapanda mlima zinaupita, na mtu anaweza kumwona mnyama akikatiza kati ya mashina ya nyasi. Msituni sakafu imefunikwa majani na kuvu, na asiyebeba ndoo hamwoni. Sampuli za zamani zilikuja kutoka mahali macho yalipofanya kazi, si lazima mahali mnyama alipokuwa mwingi.

Hayo ni ya "wapi". Swali la "lini" lina mtego wake, na mtego huo ni mvua. Uchunguzi ule wa Kilimanjaro ulithibitisha jambo lililokwisha kuonekana katika milima mingine ya Tanzania: mvua huathiri idadi ya virukanjia wanaonaswa, lakini haiathiri idadi ya panya. Sababu yake haihitaji kutafutwa mbali. Ardhi ikilowa, nyungunyungu na wadudu husogea kuja juu, na mlaji wao hutembea zaidi. Panya anayetafuta mbegu hana haja ya kusubiri mawingu. Kuna atakayesema kwamba pengine mvua haibadilishi nyendo za kirukanjia hata kidogo, inachofanya ni kuzitelezesha kuta za ndoo ili aliyetumbukia asitoke. Hoja hiyo haiwezi kutupwa moja kwa moja, lakini haina nguvu nyingi. Ukuta wa plastiki wenye kina kile ni utelezi wa kutosha kwa mnyama asiyeruka, hata ukiwa mkavu. Na hata tungeikubali, hitimisho lingebaki pale pale: idadi inayoandikwa inategemea hali ya hewa ya usiku ule. Kilimanjaro una masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na misimu inayopendwa kupanda mlima ni ile mikavu iliyoko katikati. Kama watu wengi wako mlimani wakati kirukanjia anatembea kidogo, na wachache wako wakati anatembea sana, basi kalenda ya kuonekana kwake itakuwa kalenda ya viatu vyetu. Kulinganisha usiku mkavu wa mwaka mmoja na usiku wa mvua wa mwaka mwingine, kisha kutangaza kwamba wanyama wameongezeka au wamepungua, ni kosa ambalo takwimu nzuri haiwezi kulisafisha.

Upotovu huu wa macho haukuanza na wanasayansi. Wapo katika Afrika Mashariki wanaosimulia kwamba kirukanjia akivuka njia hufa, na ushahidi wao ni kwamba maiti zake huonekana njiani. Wanaosimulia hivyo hawakuota; maiti zipo kweli. Kirukanjia ana tezi zinazotoa harufu kali, na wanyama wawindaji kama paka mara nyingi humuua kisha wakamwacha bila kumla. Wengine hufa kwa njaa na baridi tu, maana maisha yao ni mafupi. Hufa njiani, na hufa pia msituni, shambani na chini ya magogo. Tofauti ni kwamba njiani ndipo watu wanapopita wakiangalia chini. Aliyefia ndani ya majani huliwa na siafu bila shahidi. Njia haiui, njia inaonyesha. Yule anayesema mnyama fulani anapatikana ukanda wa juu pekee kwa sababu huko ndiko alikookotwa anafuata mantiki hiyo hiyo, ila yeye ana shahada na ramani.

Tufanyeje basi? Jibu ni kuandika juhudi pamoja na mavuno. Ndoo moja iliyokaa usiku mmoja huhesabiwa kuwa kipimo kimoja. Mstari wa ndoo 11 kwa siku 10 ni vipimo 110. Mtu akisema amepata virukanjia watano, hajasema kitu mpaka aseme ni kwa vipimo vingapi, kwa kimo gani, na mvua ilinyesha kiasi gani. Hapo ndipo hata sifuri hupata uzito. Chukua kituo cha mita 2,000 ambako Myosorex zinki hakupatikana. Sifuri hiyo si sawa na sifuri za zamani za msituni. Za zamani zilitokana na kutotafuta, au kutafuta kwa chombo kisichofaa. Hii imetokana na chombo kile kile kilichomnasa mita 500 juu yake, kikiwa mikononi mwa watu wale wale, na kwenye kituo hicho hicho virukanjia wa spishi nyingine walitumbukia: Crocidura allex na Sylvisorex granti walikutwa katika vituo vyote vitano. Ndoo zilikuwa zinafanya kazi, ila yeye hakuwamo. Bado si uthibitisho wa mwisho, kwa kuwa mteremko mmoja si mlima mzima. Hata hivyo ni sifuri yenye mashahidi, na tunaweza kujenga juu yake.

Kanuni hii haiishii Kilimanjaro. Katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, ndoo kama hizo zilimtoa kirukanjia aliyetangazwa mwaka 2005 kwa jina la Congosorex phillipsorum. Jamaa zake wote waliojulikana hadi hapo walikuwa wa upande wa Kongo, mbali sana magharibi. Mmoja wao, Congosorex polli, alipewa jina mwaka 1956 kutokana na sampuli moja tu. Mwaka 2015 virukanjia watatu wengine wa milima ya Tanzania walipewa majina kwa mpigo: Crocidura newmarki wa Mlima Meru, Crocidura mdumai wa Ngorongoro, na Crocidura munissii, anayebeba jina la Maiko Munissi. Hakuna aliyedai kwamba wanyama hawa waliumbwa mwaka huo. Ndundulu wenyewe ni somo: ndiko walikopatikana kwale wa Udzungwa, ambaye watafiti walimgundua mwaka 1991 baada ya kuona miguu ya ajabu kwenye sufuria ya mboga kambini, kipunji, kima aliyetangazwa mwaka 2005, sange mwenye uso wa kijivu aliyetangazwa mwaka 2008 baada ya kunaswa na kamera za kujipiga, na kirukanjia wetu huyo. Msitu huo una utajiri wa kweli. Lakini sehemu ya sifa yake inatokana na kwamba watu walikwenda, wakakaa, wakarudi. Ukiweka alama kwenye ramani ya Tanzania kila mahali mnyama mpya alipopatikana, utakuwa umechora pia ramani ya mahali mahema yalipopigwa.

Sasa tufike kwenye pingamizi zito kuliko yote. Mtu anaweza kusema: hoja hii ni hatari, kwa sababu inampa kila mtu kisingizio. Mnyama akitoweka, mwenye kiwanda, mwenye msumeno na mwenye mgodi watasema "hajatoweka, hamjatafuta vizuri." Ukifundisha watu kutoiamini sifuri, umewafundisha kutoamini msiba. Ili kulijibu hili tuvuke Bahari ya Hindi hadi Christmas, kisiwa cha Australia kilichoko kusini ya Java, chenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 135. Kisiwa hicho kilikuwa na kirukanjia wake, Crocidura trichura, ambaye ndiye kirukanjia pekee wa asili katika himaya yote ya Australia. Charles Andrews wa makumbusho ya Uingereza alikaa kisiwani mwaka 1897 na 1898, akaandika kwamba mnyama huyo alikuwa mwingi kila mahali. Mwishoni mwa karne hiyo meli zilileta panya weusi, na panya wakaja na vimelea vya damu. Andrews aliporudi mwaka 1908 hakumwona kirukanjia, wala hakuziona spishi mbili za panya wa asili wa kisiwa hicho. Kwa miaka 50 aliaminika kuwa amekwisha. Kisha mwaka 1958 virukanjia wawili waliibuka wakati matingatinga yakifyeka msitu ili kuchimba fosfeti. Desemba 1984 akapatikana jike mmoja. Machi 1985 akapatikana dume mmoja. Baada ya hapo, kimya. Oktoba 2025 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulimtangaza rasmi kuwa ametoweka.

Kisa hiki kinakata pande zote mbili. Upande mmoja, kinaonyesha kwamba imani ya tangu 1908 kuwa amekwisha ilikuwa ya haraka: wanyama walikuwepo, wachache na waliojificha, na walionekana tena pale tu mashine zilipofunua ardhi. Upande wa pili, kinaonyesha kwamba "huenda yupo" si jibu la milele. Kirukanjia wa Christmas alitoka kuonekana kila mahali hadi kuonekana mara tatu katika karne nzima, na chanzo cha kuporomoka huko kinajulikana. Hapa ndipo ilipo tofauti yake na mwenzake wa Kilimanjaro. Huyu wa Kilimanjaro hakuwahi kuandikwa kuwa mwingi kisha akakosekana; aliandikwa mara chache tangu mwanzo, kisha chombo kilipobadilika akaonekana katika sehemu kubwa ya mteremko. Kwa mmoja tuna kushuka kunakoonekana chini ya macho yale yale na sababu iliyo wazi. Kwa mwingine tuna macho yaliyobadilika. Kanuni niliyoitetea haifichi msiba. Inadai tu kwamba msiba uthibitishwe kwa juhudi zilizoandikwa, na inadai vilevile kwamba ukishathibitishwa ukubaliwe. Mwenye msumeno hanufaiki na kanuni hiyo, kwa sababu inamtaka naye alete vipimo vyake: alitafuta wapi, kwa chombo gani, kwa usiku ngapi?

Pingamizi jingine linahusu watu wa mlimani wenyewe. Waongozaji, wapagazi na wakulima wa vihamba wameishi na virukanjia tangu zamani. Kwa nini ushahidi wao usihesabiwe hadi mgeni aje na ndoo? Uhesabiwe, lakini kwa kiwango unachoweza kubeba. Mwaka 2019 watafiti walipomtafuta sange wa Somalia nchini Djibouti, mnyama ambaye hakuwa ameandikwa kisayansi tangu miaka ya 1960, wenyeji walioonyeshwa picha walimtambua na kueleza anakoishi, na mitego ikathibitisha maneno yao. Sange, ingawa si kirukanjia wa kweli, ana umbo na mwendo unaotofautika kwa macho. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro kuna spishi sita za virukanjia waliokutwa na uchunguzi mmoja tu, nao wengi hutofautishwa kwa meno, fuvu au vinasaba. Mtu anayesema ameona kirukanjia akikatiza karibu na Horombo amesema kweli. Akisema ameona Myosorex zinki amesema zaidi ya alichoona. Hii ni kanuni ya kila mtu, awe mpagazi au profesa.

Hapo hapo linakuja suala la kuua. Wengi wa wanyama wanaochunguzwa kwa njia hii huishia kwenye makumbusho, na mtu mwenye huruma ataona ni kejeli kumuua mnyama ili kuthibitisha kwamba yuko hai kama spishi. Lawama hiyo ina uzito pale idadi inapokuwa ndogo kweli, na hapo sampuli ya tishu na picha zinapaswa kutosha. Kwa mnyama anayezaliana haraka na kuishi muda mfupi, wachache wanaochukuliwa kwa kibali hawabadilishi hatima ya mlima. Faida yake ni kubwa: sampuli iliyohifadhiwa inaweza kufunguliwa tena miaka 50 baadaye na kuulizwa maswali ambayo mkusanyaji hakuyajua. Ni kwa kupima sampuli za milima mbalimbali kwa vinasaba kwamba uchunguzi wa mwaka 2010 uliweza kuonyesha jinsi virukanjia wa jamaa ya Myosorex wa Tanzania walivyogawanyika, na Kilimanjaro ukiwa na wake peke yake. Picha ya simu haina jibu la aina hiyo.

Je, kama mnyama ameenea mteremko mzima, si basi tumwache, tushughulikie wengine? Hapana, na hii ndiyo faida ya kulijua eneo lake halisi. Kuenea katika mlima mmoja bado ni kuwa na mlima mmoja. Likimpata janga hana kwa kukimbilia. Alipodhaniwa kuwa wa vichaka vya juu, ulinzi wake ulionekana kuwa ni ulinzi wa vichaka. Sasa tunajua kwamba msitu wa juu ni nyumba yake pia, na msitu huo, ulioingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ndio unaoshika ukungu na kulisha mito ya wakulima wa chini. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 90 za mlima, hasa katika ukanda wa vichaka, na moto unaorudiwa huushusha mpaka wa juu wa msitu. Moto huo umekula sehemu ya makazi ya mamalia pekee ambaye Kilimanjaro haugawani na mlima mwingine. Hatujui hasara ni kiasi gani mpaka ndoo zile zile zizikwe tena katika vimo vile vile, mvua ikipimwa, na sifuri zikiandikwa kwa uaminifu ule ule unaotumika kuandika mavuno.

Kazi hiyo ni ya taasisi, lakini ipo sehemu inayoweza kufanywa na yeyote anayepanda mlima. Ukikuta kirukanjia amekufa njiani, mpige picha ubavuni na usoni, andika tarehe, kimo na kama mvua ilinyesha usiku uliopita, kisha mpe taarifa askari wa hifadhi. Usimpe jina la kisayansi. Hiyo si kazi ya macho. Na ukipita siku nzima bila kumwona hata mmoja, usiseme hayupo. Sema ulipita mchana, kiangazi, bila ndoo.